Mboga Chini ya Kamba ya Nguo

Siku ya kuniaga kazini, wenzangu, mlinipa saa ya ukutani, Fanta mbili na maneno mengi matamu, kisha mmoja wenu akasema, "Papa Muhindo, utuandikie kidogo namna kazi ilikuwa zamani." Nadhani alisema vile ili hotuba ziishe. Lakini mimi mtu akinituma kazi, naifanya. Vyeo sitavitaja, nilipata viwili, na kimoja kilifutwa kabla sijakizoea. Mshahara mnaujua, ni huo huo mnaolalamikia ninyi. Nitaandika habari ya udongo, magunia na jua. Nitaandika pia habari ya wivu, maana katika miaka yangu yote ya mboga hakuna kitu nilichokipalilia vizuri kuliko wivu wangu.

Nilianza mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka wakajaa mji wa Goma hata huoni tena barabara ilipo. Nilikuwa nimetoka Butembo na diploma ya kilimo, shati jeupe na viatu vya kung'aa. Proje ya wakati ule, yaani mradi ulioniajiri, ikanipeleka kambini kuwa monitere, niwafundishe watu kupanda mboga mbele ya mahema yao. Siku ya kwanza nilipanda juu ya bidoni la maji nikahubiri vitamini. Mzee mmoja mkimbizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama zile mbegu zinaweza kuliwa sasa hivi. Nikamwambia hapana, zina dawa. Akainuka akaenda zake. Sikupanda tena juu ya bidoni.

Aliyenifundisha kazi kwa kweli ni Muzee Paluku, mtu wa Beni, mtunza kitalu cha miche cha proje. Shule hakuwa nayo. Alivaa kofia ya sufu hata juani na alizungumza na miche kuliko na sisi. Asubuhi yangu ya kwanza pale kitaluni alininyang'anya ndoo mkononi.

"Unapatia nani maji?"

"Mboga, Muzee."

"Zilikuomba?"

Akachukua kidole changu, akakizamisha katika udongo. "Mpaka kiungo ya pili. Ncha ikisikia baridi, acha maji. Ikisikia moto, umechelewa."

Nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo nilimsikia akisifu mvua, akisifu jembe fulani la zamani, na mara moja akasifu mbuzi wa jirani kwa sababu hakuingia kitaluni. Mimi hakunisifu hata siku moja. Nilijiambia, ndivyo alivyo, mdomo wake ni mzito. Nilijifariji hivyo vizuri sana.

Kisha volkano ikashuka ikachoma sehemu kubwa ya mji, na kitalu chetu kikalala chini ya jiwe. Tangu hapo kulima Goma ni kulima juu ya mwamba. Udongo tulikuwa tunauleta kutoka upande wa Sake kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na kijana wa chukudu alikuwa anatucheka: watu wazima wanasafirisha udongo! Hapo ndipo tulipoanza bustani za gunia. Mnazijua: unasimamisha gunia, katikati unapanga nguzo ya mawe ili maji yapite, pembeni unajaza udongo, unatoboa gunia ubavuni, unapanda lengalenga, ule mchicha wetu, na seleri katika matundu. Vitabu vinataka changarawe. Mimi nikasema, ya nini kutafuta changarawe wakati Mungu ametumwagia mawe meusi bure mpaka mlangoni? Nikafundisha hivyo kila nilipokwenda. Kila mtu alinisifu kwa akili hiyo, isipokuwa Muzee Paluku, ambaye alilitazama jiwe, akalirudisha chini na kuondoka.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Ndosho, mimi na mke wangu Masika na watoto. Karibu na mlango wa uzio niliweka magunia matatu na kibao: BUSTANI YA MFANO. Masika naye alikuwa na mboga zake nyuma ya nyumba, katika mabeseni yaliyopasuka, karai moja lisilo na mkono na tairi la gari. Hapakuwa na kibao. Yeye hakusomea kilimo, ingawa alitaka. Kwao Butembo kulikuwa na karo ya mtoto mmoja tu, na baba yake akamchagua kaka yake. Aliniambia habari hiyo mara moja tulipokuwa wachumba, hakuirudia, na mimi niliisahau upesi kwa kuwa haikuwa inaniuma mimi.

Sasa nije kwenye mwaka wa joto. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Rutshuru, kabichi na lengalenga za huko hazishuki tena, na soko la mboga likawa la kugombania. Juu ya hayo mvua ikakatika mapema. Sisi watu wa Goma tumezoea kuamka na sweta. Mwaka ule ilipofika saa nne asubuhi mawe ya uani yalikuwa yanaunguza, watoto wanavuka kwa ncha za vidole huku wakipiga kelele, na mabati yanalia juu ya vichwa vyetu. Juma la kwanza mboga za magunia yangu zililala mchana zikaamka jioni. Juma la pili hazikuamka. Nikaongeza maji asubuhi, nikaongeza jioni, nikaongeza adhuhuri. Nikazamisha kidole mpaka kiungo cha pili, kikatoka kimeungua. Gunia zima lilikuwa linanuka kama sombe, majani ya muhogo, iliyochemka, kwa sababu yale mawe meusi katikati yalikuwa yanashika joto na kupika mizizi toka ndani. Hilo nalisema leo. Wakati ule nililaumu mbegu, kisha nikalaumu serikali.

Na nyuma ya nyumba? Lengalenga za Masika zilikuwa pana kama mkono wangu. Seleri imesimama. Nikamwendea na hasira.

"Unatumia maji yangu ya kunywa?"

"Maji ya kufua, Papa."

"Sabuni itaua mboga!"

"Ile ya mwisho. Yenye haina sabuni."

Ndipo nikatazama kitu nilichokuwa nakiona kila siku miaka yote. Masika alikuwa anafua saa nne, na nguo alikuwa hazikamui. Anazitundika zikiwa zinachuruzika, kwenye kamba iliyopita juu kabisa ya mabeseni: mashuka, vitenge, suruali zangu. Saa zote za jua kali mboga zilikuwa chini ya kivuli chenye maji, tone, tone, tone. Ikifika saa kumi nguo zimekauka, anazianua, mboga zinapata jua la upole. Na mabeseni yenyewe alikuwa ameyalaza juu ya maganda ya mgomba, yasiguse jiwe. Miaka mingi nilikuwa nagombana naye: "Mbona hukamui nguo? Mikono inakuuma?" Alikuwa anajibu tu, "Zitakauka." Nilidhani ni uvivu.

Majirani wakaanza kuja. Walikuwa wanapita mbele ya kibao changu kwenda nyuma. Mama mmoja aliegemea kibao chenyewe, mkono juu ya neno MFANO, akaniuliza, "Mama ya mboga iko?" Nikamwonyesha njia kwa kidole.

Muzee Paluku alikuwa amekwisha kustaafu, lakini alikuja kutuamkia Jumapili moja. Magunia yangu aliyapita akasema, "Pole," kama anayepita msibani. Akaenda nyuma, akachuchumaa penye karai la Masika, akazamisha kidole, akakiacha humo muda mrefu. Kisha akaniita.

"Njo, ingiza."

Nikaingiza. Baridi.

"Huyu mama iko na mukono," akasema. "Mimi nilikuwa natafuta mutu wa vile kitaluni miaka yote."

Masika akacheka, akaficha mdomo kwa kitenge. Mimi nikasema tumbo linanisumbua, nikaenda chooni, nikasimama humo bila kazi mpaka nikasikia Muzee anaaga. Miaka kumi na mmoja! Nilimbebea kinyesi cha ng'ombe, nilimshikia mwavuli juu ya miche, nilimuuguza alipougua malaria. Na yeye maneno hayo alikuwa nayo siku zote mdomoni, anamwekea mke wangu.

Niandike yote, maana nimekwisha kustaafu na hamwezi kunifukuza. Alhamisi iliyofuata Masika alikwenda kwenye mkutano wa kina mama wa parokia. Jua lilipofika utosini nikaanua nguo zote. Nikazikunja vizuri, nikazipanga kitandani kama bwana mwema. Mboga zikabaki wazi, nami nikaketi kivulini nikizitazama zinavyolala, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Masika akarudi, akaona majani yameanguka, akaona nguo kitandani. "Aksanti kwa kukunja," akasema, akazimwagia mboga maji. Jioni zikaamka. Hata hilo nilishindwa.

Sasa mmoja anaingia ambaye ninyi hamkumjua. Riziki alikuwa mama wa Kalengera, aliyekimbia vita na watoto wake wanne mpaka kambi ya Kanyaruchinya. Yeye ndiye aliyesimamia kikundi cha kina mama niliokuwa nawafundisha huko. Magunia yao yalikuwa ya aina yangu, na mawe yangu, juu ya jiwe lile lile jeusi. Sihitaji kueleza yalikuwaje. Siku kadhaa Riziki alikuwa anashuka mjini kufulia watu nguo. Akafulia jirani yetu wa Ndosho. Akachungulia juu ya uzio.

Kwenye mkutano uliofuata shefu, mkuu wa proje, alikuwepo. Riziki akasimama.

"Papa Muhindo, magunia yetu ilikufa yote."

"Ni jua, mama."

"Jua liko moja. Kwako Ndosho niliona mboga inacheka. Niliuliza jirani, akasema ni ya bibi yako."

Kina mama wakaanza kunong'onezana kuhusu mke wangu.

"Nilijaribu kutundika kitenge vile niliona," akaendelea, "lakini yetu ilikufa tu. Kuko kitu yeye anajua chenye siye hatujui. Utuletee bibi yako."

Shefu akacheka kwa furaha. "Papa Muhindo! Unaficha mwalimu ndani ya nyumba? Mwambie aje Jumatatu. Gari itamchukua mlangoni. Akiweza, tutamwandika monitere."

Nikarudi nyumbani kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, nikiyarudia maneno hayo nyuma ya dereva. *Wanakuita Kanyaruchinya. Shefu mwenyewe.* Yalikuwa maneno mafupi, hata mtoto angeyafikisha. Masika alikuwa amepika lengalenga na ugali. Akaniuliza, "Kazi ilikuwa aje?"

"Kawaida," nikasema, nikala sahani mbili.

Jumatatu nilifika biro, ofisini kwetu, mapema kabla gari halijatoka. Nikamwambia shefu, "Mke wangu amekataa. Anasema hana nafasi, watoto ni wengi." Shefu akasikitika, akaniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa mtu wa kuaminika, nilikuwa na cheti cha hilo.

Mkitaka kujua nilikuwa naogopa nini: niliogopa gari kupiga honi mbele ya kibao changu, na isiwe mimi ninayeitwa. Ni hilo tu.

Kanyaruchinya kina mama walikuwa wanangoja. Kila mmoja alikuja na kitambaa kilicholoweshwa, cha kufanyia somo. Wengine walikuwa wamelowesha kitenge chao cha pekee, wamejifunga shuka ya mtoto. Riziki akatazama nyuma yangu, ndani ya gari.

"Bibi yako?"

"Hakutaka."

Akakamua kitambaa chake, maji yakaanguka juu ya jiwe. "Sawa. Bamama ba mujini banatudharau, tulizoea." Wiki hiyo wakamwaga udongo, wakachukua magunia kuzibia milango ya vibanda. Watoto wao wakarudi kula ugali na chumvi. Nami nikaandika katika ripoti yangu: *kikundi kimepoteza moyo.*

Haukupita muda mrefu, mapigano yakasogea. Asubuhi moja tukasikia bunduki nzito upande wa kaskazini, na kufikia adhuhuri Kanyaruchinya yote ilikuwa barabarani, inashuka mjini na magodoro kichwani. Ndosho ikajaa. Masika akafungua mlango wa uzio akauacha wazi, na katika walioingia uani kwetu alikuwemo Riziki na wanawe. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kibao changu. Sikuwa na mahali pa kwenda.

Masika aliwapa maji, akachuma mabeseni yake mpaka yakabaki vijiti vitupu, akapika sufuria kubwa. Riziki akatazama kamba ya nguo, akatazama karai, kisha akamtazama yeye.

"Kumbe ni weye, mama ya mboga. Weye mwenye ulikataa kuja kwetu."

Masika alikuwa na mwiko mkononi. "Nilikataa?"

"Shefu alikuita. Gari ingekuchukua. Tulikungojea na bitambaa mukononi. Papa Muhindo akasema haukutaka."

Masika akanitazama mara moja tu. Watoto walikuwa wanangoja chakula. Akaingiza mwiko katika sufuria, akakoroga, akasema, "Ni kweli. Ni mimi. Nilikuwa na kichwa ngumu. Munisamehe, bandugu zangu." Akawapakulia. Riziki akasema, "Ayi, iliisha, mama," na wakala. Na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kushukuru nilimwonea wivu hata hapo. Uongo wangu ulikuwa umewanyima watu mboga, na wake ukawatuliza watu wakala.

Jioni alikuwa anaanua nguo. Nikaenda kumsaidia. Akaninyang'anya shuka.

"Sema sababu."

"Nilikuwa na wivu."

"Juu ya lengalenga?"

"Juu ya lengalenga."

Nilidhani atacheka. Kwa kawaida angecheka. Alikunja shuka ile mara nne, polepole. "Baba yangu alichagua kaka yangu mbele ya macho yangu," akasema. "Nililia, lakini nilimuona akichagua. Weye ulinichagulia nyuma ya mugongo wangu, ukarudi, ukala chakula yangu."

Nikashika kamba iliyobaki tupu.

"Kesho utaenda kusema," akasema.

Kesho yake nikasimama katika mkutano wa asubuhi, mbele ya shefu, madereva na wenzangu wote, nikasema. Shefu akauliza, kwa sauti ya chini, kama mke wangu bado angekubali kuja. Nikasema nitakwenda kumuuliza.

"Hapana kuuliza," ikasema sauti mlangoni. Masika alikuwa amenifuata kwa moto nyingine. Hakutaka tena nibebe maneno yake.

Somo lake la kwanza lilikuwa katika uwanja wa shule moja hapo Ndosho, walikolazwa watu wa Kanyaruchinya. Mimi nilipewa kazi ya kubeba udongo kutoka kwenye chukudu, na niliikubali. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwaga gunia langu la mfano mbele ya wote, akatoa mawe meusi moja moja, akawapa kina mama wayashike. "Sikieni joto," akasema. "Hii ndiyo ilipika mizizi yenu." Wakayapitisha mkono kwa mkono. Kisha akawaonyesha maganda ya mgomba, nguo, maji ya mwisho, saa ya kutundika na saa ya kuanua. Hakuwa na karatasi. Nilibeba magunia manane, na kila nikirudi nilikuta duara limekua. Nilitafuta kosa katika somo lake. Nilitafuta kwa bidii, kama mtu wa diploma. Sikuliona.

Kitoto cha mtu kikalia, kikanyamazishwa. Mama mmoja wa nyuma, asiyejua habari yetu, akainua mkono.

"Mama, ni bwana yako mwenye alikufundisha? Balisema iko monitere."

Nikatua gunia. Riziki akainamisha uso. Masika akanitazama, mimi na jasho langu na udongo mabegani, na nawaambia ukweli, wenzangu: baada ya yote yale, moyo wangu ulikuwa bado unaomba aseme ndiyo.

"Hapana," akasema. "Yeye alikuwa na yake. Ilikufa yote."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, Riziki anajipiga mapaja kwa mikono, machozi yanamtoka. Nami nikacheka pia, ila nilichelewa kidogo, na Masika aliona.